Nusu ya Mashine ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Theluji tena. Mpaka magotini. Niliamka alfajiri nikavaa buti, nikachukua koleo, nikafungua mlango nikiwa tayari kwa vita. Hakuna vita. Njia yangu tupu kabisa, imeshasafishwa mpaka ngazi ya mwisho!

Clayton Bauerle. Nani mwingine? Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nyumba ya mkabala. Ana mashine ya kurusha theluji, na kila ikianguka anavuka barabara nayo kabla sijapiga mswaki. Alikuwa anarudi kwake, kofia imejaa barafu, akanipungia mkono na kusema nisijali, aliufikiria mgongo wangu.

Mgongo wangu una nini? Miaka thelathini na moja nimeendesha basi la shule hapa Sarnia, Kanada, mgongo huu huu!

Verna anasema nimpelekee kaka yake keki za siagi za kumshukuru. Nimshukuru! Mtu ananiibia theluji mlangoni kwangu, halafu nimpelekee keki.

Imetosha. Gazeti linasema duka moja la Port Huron, ng'ambo ya daraja, linamaliza mashine za theluji kwa kuwa msimu unaisha. Nimeona picha. Kubwa kuliko ya Clayton. Taa mbili. Mishikio yenye joto! Bei yake upande wa Wamarekani ni kama bure. Kwa pesa zetu, dola elfu moja na mia tano.

Kikwazo ni ushuru. Lakini mimi si mtu wa kukwama kwenye ushuru.

Jumanne, 5 Machi

Nimesoma kanuni za forodha usiku kucha, namaanisha mpaka saa tatu. Ziko hivi. Ukikaa ng'ambo saa arobaini na nane, kila mtu anaruhusiwa kurudi na bidhaa za dola mia nane bila kutozwa kitu. Ukikaa pungufu ya hapo, mia mbili tu. Na watu wawili hawaruhusiwi kuunganisha haki zao kwa kitu kimoja.

Kitu KIMOJA. Nimelisoma neno hilo mara nne, nikacheka peke yangu jikoni.

Nani kasema mashine lazima iwe kitu kimoja? Ina bolti. Chenye bolti kinafunguka. Nusu ya mbele ya Verna, mia saba na hamsini. Nusu ya nyuma ya mtu mwingine, mia saba na hamsini. Mimi dereva tu.

Verna kasema huo ni uongo. Nimemweleza kwa upole kwamba uongo ni kusema kisichokuwepo, na hizo nusu zitakuwepo, atazishika kwa mikono yake. Kasema angependa ninunue mashine hapa hapa mjini, nilipe, tulale. Mke wangu hana moyo wa biashara.

Jumatano, 6 Machi

Mtu wa pili kapatikana. Mama mkwe, Ottilie. Miaka themanini na minne, akili kama wembe, kwa bahati mbaya.

Ana kadi. Sote watatu tunazo, zile kadi za wasafiri wa mara kwa mara waliochunguzwa mpaka kucha, wanaopita njia ya haraka darajani huku wengine wakizeekea kwenye foleni. Ya mama mkwe nilimwombea mimi, zawadi ya Krismasi ya mwaka juzi. Alisema angependelea soksi. Leo kadi imepata kazi!

Nilimkuta kwenye nyumba ya wazee anacheza karata na kuwashinda watu wazima wenzake bila huruma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatoa masharti: hoteli yenye bwawa la kuogelea, na samaki kila jioni. Nikakubali. Kisha akauliza nusu yake ni ipi. Sikutegemea swali hilo. Nikasema ya nyuma, yenye injini, ndiyo ya heshima.

"Na ni yangu kweli?"

"Yako kabisa, mama. Hata mbele ya serikali."

Akasema basi sawa, akanyanyua karata zake. Mama mkwe ukimjulia si mtu mgumu.

Ijumaa, 8 Machi

Port Huron! Tumepita daraja saa saba na dakika sita mchana. Nimeandika kwenye daftari, na Verna ameshuhudia. Njia ya haraka ilikuwa tupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Upande wa kulia, foleni ya watu wa kawaida ilifika mpaka katikati ya daraja. Nilipunguza mwendo kidogo ili wanione. Verna aliniambia niache kutabasamu.

Dukani sikufurahi. Nilimwomba muuzaji, mwanamume mwenye masharubu, aniandikie risiti mbili. Akasema mashine moja, risiti moja. Nikamwambia mbona ng'ombe ni mmoja na buchani anauzwa vipande vipande? Akajibu kwamba ng'ombe huyo amekufa, bwana, na mashine hii ina dhamana ya miaka mitatu. Wateja wawili wakacheka. Huduma gani hiyo! Sitanunua tena pale. Nimenunua, lakini sitanunua tena.

Hoteli ina bwawa. Maji vuguvugu, rangi ya chai. Mama mkwe ameingia tangu saa kumi na hataki kutoka.

Jumamosi, 9 Machi

Siku nzima nimeifungua mashine kwenye maegesho ya hoteli, upepo wa ziwa unanikata masikio. Bolti ishirini na saba. Mtu aliyezikaza nadhani alikuwa na ugomvi na dunia. Meneja alikuja mara mbili. Mara ya kwanza kuuliza ninafanya nini. Mara ya pili kuuliza kuhusu taulo. Oili inatoka ikifuliwa! Kila mtu anajua.

Sikupata msaada wowote. Verna na mama yake walikwenda kula samaki wa ziwani, wakarudi wananukia siagi, kisha wakaenda bingo. Mama mkwe kashinda blanketi lenye picha ya tai. Amepata marafiki watatu. Wamemwalika mwezi wa tano! Mimi nimepata malengelenge.

Hata hivyo kazi imekwisha. Nusu ya mbele, ile yenye mdomo na taa, imelala kwenye buti la gari. Nusu ya nyuma, yenye injini na magurudumu, iko kiti cha nyuma kando ya mahali pa mama mkwe. Ameifunga mkanda. Anasema chake akitunze.

Jumapili, 10 Machi

Naandika nikikandamiza kalamu. Si kwa woga. Kwa hasira!

Nianze mwanzo. Asubuhi mama mkwe alilalamika usiku ulikuwa mfupi. Nikasema moyoni, wazee hawa. Verna naye akasema jua limechelewa kutoka. Sikumjali, nilikuwa nakagua kamba. Tuliondoka hotelini mapema, nikaegesha kwenye kituo cha mafuta karibu na daraja, tukasubiri. Mama mkwe alitaka choo. Nikamwambia asubiri hadi nchini kwake. Simu yangu iko mkononi, nahesabu. Saa saba na dakika sita, saa arobaini na nane zimetimia. Nikaongeza dakika moja kwa ukarimu, nikawasha gari.

Njia ya haraka. Afisa mwanamke, nywele fupi, mpole. Akauliza tumekaa ng'ambo muda gani.

"Saa arobaini na nane na dakika moja," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa.

Akatazama kioo cha kompyuta yake. "Arobaini na saba na dakika moja, bwana."

Nikamwambia kwa heshima kwamba hesabu niliisoma shule. Ijumaa saa saba mpaka Jumapili saa saba ni siku mbili, na siku mbili ni saa arobaini na nane tangu enzi za Nuhu. Akauliza kama niliisikia habari ya saa. Habari gani? Akasema usiku wa kuamkia leo saa zimesogezwa mbele kwa saa moja, huku kwetu na kule Marekani, kama kila mwaka mwezi wa tatu.

Simu ilijisogeza yenyewe! Bila kuniambia! Serikali mbili zimeninyang'anya saa moja nikiwa usingizini, halafu ninaulizwa mimi imekwenda wapi!

Verna akatazama nje dirishani. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

Afisa akauliza tumebeba nini. Nikasema nusu mbili za vitu viwili tofauti, kimoja cha mke wangu na kimoja cha mama mkwe wangu. Akainama akatazama kiti cha nyuma. Akaona injini imefungwa mkanda, imefunikwa blanketi la tai.

"Bibi, hiki ni chako?"

"Ni changu."

"Cha kufanyia nini?"

Hapo mama mkwe angeweza kusema lolote. Kufagia theluji. Basi! Maneno mawili. Lakini yeye akajiweka sawa kitini kama shahidi mahakamani.

"Hata mimi najiuliza, mwanangu. Mimi nakaa ghorofa ya tatu, nyumba ya wazee. Theluji naiona dirishani tu. Lakini mkwe wangu huyu kanipa nusu yenye injini, kasema ni yangu hata mbele ya serikali, na akanifundisha niseme hivyo nikiulizwa. Nimeipokea. Sasa naomba choo."

Akapelekwa chooni kwa heshima zote. Sisi tukapelekwa pembeni.

Ofisini mkubwa wao alinisomea kanuni ambayo mimi naijua kuliko yeye. Nikamweleza kuhusu bolti. Akasikiliza. Akauliza risiti ziko ngapi. Moja. Nusu zikiungwa, mashine zitakuwa ngapi. Moja. Akauliza sasa mimi nadhani hapa kuna vitu vingapi. Nikasema inategemea na wakati. Hakupenda.

Walimuuliza Verna, akasema kweli yote, pamoja na mambo ambayo hakuulizwa. Ushuru nimelipa, na faini juu yake. Kiasi sitakiandika, karatasi itachanika. Halafu yule mkubwa akaninyooshea kiganja. Kadi yangu! Nikadhani anataka kuitazama. Akaiweka kwenye droo, akafunga. Akasema kadi ile ni ya watu wanaoaminika, na nikitaka naweza kuandika barua ya rufaa.

Wanawake wamebaki na zao. Mama mkwe alishukuriwa kwa ukweli wake! Alipewa peremende! Kwenye fomu wameandika kila kitu tulichosema, nusu ya mbele, mali ya Verna, nusu ya nyuma, mali ya Bibi Ottilie Bauerle. Nimeinunua kwa pesa yangu, nimeilipia faini kwa pesa yangu, na fomu imeandikwa jina lake.

Tulirudi nyumbani. Njia yangu ilikuwa safi.

Jumatano, 13 Machi

Nilipanga kuanza kuiunga mashine leo. Nimechelewa kidogo kwa sababu ya mgongo. Uchovu tu.

Saa nne Clayton kaja na toroli. Nikadhani kaja kunicheka, nikajiandaa. Hakucheka. Alionekana mwenye aibu, akanipa karatasi yenye mwandiko wa mama yake. Imeandikwa nusu yake apewe Clayton, maana injini ya mashine yake inakohoa tangu Januari, na mtoto anawasafishia watu watano theluji bila kuombwa.

Mtoto! Ana miaka sitini na mbili!

Nikampigia mama mkwe simu papo hapo. Nikamwambia kwamba ile ilikuwa namna ya kusema tu. Akauliza kama namaanisha niliidanganya serikali. Nikasema hapana! Akasema basi ni yake, na chake humpa amtakaye. Akaniuliza kama nimeshakula. Kisha akakata, zamu yake ya karata ilikuwa imefika.

Clayton alisema hana haraka, na kama nataka tuziunge nusu zote, mashine ikae katikati, tuitumie wote wawili. Katikati yetu ni barabara. Nikamwambia nusu yangu haiazimwi.

Akaipakia injini. Niliangalia gurudumu moja likizunguka taratibu kwenye toroli mpaka akaingia kwake. Verna alikuwa amekaa kwenye ngazi, anacheka mpaka ameshika mbavu. Sijamwona akicheka hivyo tangu harusi ya binti yetu. Kidogo nicheke na mimi. Nimejizuia.

Ijumaa, 15 Machi

Nusu ya mbele ipo kwenye chumba cha kufulia. Mdomo mkubwa mwekundu, taa mbili, haina pa kwenda. Verna kajikwaa juu yake mara tatu. Jana akiwa na kikapu cha nguo.

Leo nimerudi kutoka kwa kinyozi, haipo.

Nikauliza. Akasema ameipeleka kwa kaka yake. Nikauliza kwa idhini ya nani. Akasema ya mwenyewe, nusu ya mbele ilikuwa yake, na kama nimesahau akanisomee fomu. Akaenda kweli kuitafuta fomu!

Nimekaa gereji nikihesabu kilichobaki. Bolti nne na kijitabu cha maelekezo kwa Kifaransa.

Jumapili, 17 Machi

Nilikwenda ng'ambo kutia mafuta na kununua jibini. Njia ya kawaida! Mimi! Saa moja na dakika arobaini juu ya daraja, nyuma ya lori la vitunguu. Chini maji, mbele vitunguu. Mtu wa gari la jirani alikuwa anakata kucha za miguu kwenye dashibodi.

Kisha kwenye njia ya haraka likapita gari la kijivu. La Clayton. Kumbe naye ana kadi! Verna mbele, mama mkwe nyuma na blanketi la tai magotini. Wanakwenda kula samaki na wale marafiki wa bingo, hata mwezi wa tano hawakuungoja. Clayton alipunguza mwendo. Nikageuza uso. Mama mkwe akateremsha kioo na kupaza sauti:

"Lorne! Tukuletee kipande?"

Watu wote wa foleni walinitazama. Nikapandisha kioo changu. Baadaye njaa iliniuma nikajuta kidogo, lakini heshima ni heshima.

Nimeanza barua ya rufaa. Kurasa tisa. Sehemu kubwa inahusu saa.

Ijumaa, 22 Machi

Theluji. Nzito, ya mvua mvua, kama imetumwa. Nilitoka na koleo saa kumi na moja na nusu alfajiri, makusudi kabisa, nimtangulie. Nilichota mara sita. Ya saba, mgongo ukasema neno. Nikabaki nimepinda kama herufi, siwezi kwenda mbele wala nyuma.

Ndipo taa mbili zikawaka ng'ambo ya barabara. Nzuri mno! Zikaja polepole zikinimulika. Mashine ilinguruma kwa sauti laini kama paka aliyeshiba, theluji inaruka mita nane. Ilizunguka miguu yangu kwa ustadi, ikamaliza njia yote kwa dakika mbili. Clayton hakuvaa glavu. Mishikio ina joto.

Akaizima, akaniingiza ndani akinishika kiunoni, akanikalisha. Verna akaleta chupa ya maji moto. Clayton akasema ile mashine ni kazi nzuri sana niliyoichagua, kwamba yeye asingekuwa na ujasiri wa kununua kitu kikubwa vile, na kwamba mashine yake ya zamani kaitia injini mpya, nikitaka niichukue bure.

Verna alinitazama kwa jicho ambalo nalijua. Jicho la kuomba.

Nikasema nitafikiri.

Alipotoka nilikula keki mbili. Zilikuwa za Clayton, za kumshukuru. Verna alizioka.

Jumatatu, 25 Machi

Mgongo unaendelea vizuri. Nimelala siku tatu na kanuni za forodha kifuani, natafuta silaha za rufaa yangu. Na leo, baada ya chai ya saa nne, nimekutana na kifungu ambacho sikuwahi kukiona. Nimekisoma kwa sauti. Nimemwita Verna aje akisome.

Urithi! Mali aliyokuachia marehemu wa ng'ambo inaingia nchini bila ushuru. Hakuna kuhesabu saa. Hakuna kugawana nusu. Hakuna kadi!

Nikamuuliza Verna kama yule shangazi yake wa Saginaw, kule Marekani, Hedwig, bado ana ile trekta ndogo ya bustani yenye koleo la theluji mbele. Akasema anayo. Nikamuuliza shangazi ana umri gani sasa. Tisini na mmoja. Afya yake je? Verna akaweka kikombe chini taratibu, akauliza kwa nini nataka kujua. Nikasema ni ndugu. Mtu hawezi kuwajali ndugu?

Nimempigia simu mwenyewe. Amefurahi sana, anasema sijampigia tangu mazishi ya kaka yake. Sauti ina nguvu kuliko nilivyotarajia. Anakohoa, lakini kidogo. Nimemwambia asisumbuke na daktari kwa kikohozi kidogo, madaktari wa siku hizi wanapoteza muda wa watu. Amenikaribisha Jumamosi.

Nitakwenda, hata kwa njia ya kawaida, hata nyuma ya vitunguu. Nimeshanunua maua na futi ya kupimia. Maua ni ya shangazi.